USINGIZI WA SHIBE

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, Matendo ya Mitume 20:7-12, Ruthu 2:14-18, Kumbukumbu la Torati 8:10-18, Ezekieli 16:49

Mwezi huu sisi wazee na mashemasi tumeona tuwaandikie juu ya jambo ambalo kila mtu analijua, na ambalo watu huchekana kwa ajili yake: usingizi unaomshika mtu akiisha kula. Wengine watasema, je, wazee wamekosa neno la kuhubiri? Tunaomba msome mpaka mwisho.

Mnakumbuka Jumapili iliyofuata mgao. Ibada yetu huanza saa nane mchana, kwa kuwa jengo tunalitumia kwa zamu na ndugu wa makanisa mengine. Kila mtu anakuja akiwa amekula nyumbani kwake. Siku ile mahubiri yalikuwa hayajafika nusu, mama mmoja wa benchi la nyuma akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akalala kabisa, mpaka akakoroma. Watoto wakacheka. Mmoja wetu aliyekuwa akiongoza ibada akakatiza mahubiri, akasema mbele ya kanisa lote kwamba pepo wa usingizi ameingia, na kwamba mtu aliyejaza tumbo hana nafasi ya kujaza roho. Watu wakaitikia Amina. Sisi wengine tuliokaa mbele tuliitikia pia. Yule mama akaamka, akakaza kitambaa chake kichwani, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu hakuja.

Wamama wawili wa ushirika wakaenda kumwona. Ndipo tukajua habari yake. Jina lake limetoka kwenye orodha ya mgao tangu miezi mingi. Asubuhi analima shamba la mtu kwa kibarua. Juma lile alikuwa akiwaachia watoto sufuria, yeye akikwangua ukoko. Jumapili ile jirani yake aliyepokea mgao, tena si mtu wa kanisa letu, akamwita yeye na watoto, akawapa bukari na maharage ya kutosha. Mama akala akashiba, mara ya kwanza katika juma lile. Akainuka pale pale, akaja kanisani. Aliwaambia wale wamama hivi: "Nilikuja kusema asante, lakini usingizi ukanitangulia."

Wapendwa, neno lile limetuchoma. Sisi tuliomhukumu tulikuwa tumekula vilevile. Tena sisi baada ya kula tulipata nafasi ya kujinyoosha kidogo kitandani, ndiyo maana kanisani tulikuwa macho.

1. MWILI NDIVYO ULIVYOUMBWA

Kwanza tusimsingizie shetani kazi ambayo si yake. Usingizi baada ya chakula una sababu katika mwili aliouumba Mungu. Njaa humkesha mtu, maana mwili unamsukuma aamke akatafute chakula. Akiisha kushiba, kengele ile inanyamaza, na mwili unalegea upate kukitumia kile ulichopewa. Chakula kikiwa kingi kwa mara moja, na zaidi kikiwa cha wanga mtupu kama bukari, ugali wa mahindi, wali au viazi, hugeuka sukari upesi katika damu, kisha sukari ile hushuka, na mtu huhisi mzito. Wengi wetu tuliambiwa kwamba damu yote inakimbilia tumboni na kuacha kichwa kitupu. Sivyo. Tumbo hupata damu zaidi wakati wa kazi yake, lakini ubongo haunyimwi sehemu yake.

Jambo la pili, mwili una saa yake ya ndani. Usiku usingizi huwa mkubwa, lakini hata mchana, baina ya saa saba na saa tisa, usingizi mdogo huja, hata kwa mtu ambaye hajala kitu. Sasa chukueni mtu aliyeamka alfajiri akalima juani, ambaye usiku hakulala vizuri kwa sababu ya mtoto mgonjwa, au kwa sababu ya ndoto za mambo aliyoyaona njiani tulipokimbia. Mpeni sahani moja iliyojaa. Mkalisheni saa nane mchana chini ya bati lenye joto. Asipolala, tushangae.

Wazee wetu walijua hayo. Walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Shibe inalevya, njaa inalegeza, na sisi wakimbizi tunapita kutoka moja kwenda nyingine kwa siku moja tu, siku ya mgao. Hapa Uganda tunakumbuka jinsi mgao ulivyopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na mwezi wa Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40. Mwaka 2023 familia zikapangwa katika makundi, na wako waliobaki bila kitu. Kwa hiyo tukimwona mtu analala baada ya kula, tusiulize tu amekula nini leo. Tuulize alikula nini jana na juzi.

2. ELIYA, MKIMBIZI ALIYELALA

Tufungue 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa nabii mkubwa, lakini katika sura hii ni mkimbizi kama sisi. Malkia Yezebeli ameapa kumwua, naye amekimbia kuokoa nafsi yake. Amevuka mpaka wa nchi yake, amefika Beer-sheba ya Yuda, amemwacha mtumishi wake pale, ameingia jangwani mwendo wa siku moja. Anakaa chini ya mti mmoja, anamwomba Mungu amchukue afe, kwa maana amechoka. Kisha analala.

Mungu anamfanyia nini? Hamtumii malaika wa kumkaripia. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa. Je, baada ya kula anainuka kuomba na kufunga? Hapana. Analala tena! Neno la Mungu limeandika jambo hili wazi, wala halikuona haya. Na malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anamwambia ale tena, kwa kuwa safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo anainuka, na kwa nguvu za chakula kile anakwenda siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu.

Tuone mambo mawili hapa. Kwanza, usingizi wa Eliya baada ya kula ulikuwa sehemu ya uponyaji wake. Mungu hakusema naye juu ya kazi wala juu ya wafalme mpaka mwili umekula na kulala, umekula tena. Pili, malaika hakumletea karamu. Alimletea mkate na maji, akamwacha apumzike, akamletea tena. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi hapaswi kushindiliwa chakula kingi kwa mara moja, maana chakula hicho kinaweza hata kumdhuru. Waganga wanajua hivyo leo, na Mungu alimtendea nabii wake vivyo hivyo.

Wako katikati yetu watu waliofika kambi ya mapokezi, wakala uji, wakalala siku mbili. Tusiwaite wavivu. Walikuwa chini ya mti wa Eliya.

3. KIJANA ALIYEANGUKA DIRISHANI

Katika Matendo 20 tunamwona kijana Eutiko, katika mji wa Troa. Waamini wamekusanyika siku ya kwanza ya juma ili kuumega mkate. Tukumbuke kwamba siku zile Jumapili haikuwa siku ya mapumziko katika dola ya Rumi. Kaisari Konstantino aliamuru pumziko la siku hiyo mwaka 321, miaka mingi baada ya Paulo. Kwa hiyo watu walikusanyika baada ya kazi za mchana. Paulo anasafiri kesho yake, ana maneno mengi, anahubiri mpaka usiku wa manane. Chumba kiko juu, kina taa nyingi zinazowaka. Kijana amekaa dirishani. Usingizi unamlemea, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, anaokotwa amekufa.

Sasa mwangalieni mtume. Hakusema, haya ndiyo malipo ya kulala kanisani. Aliacha mahubiri, akashuka chini, akamwangukia yule kijana, akamkumbatia, akawaambia watu wasihangaike, uzima wake umo ndani yake. Kisha akapanda tena, akaumega mkate, akala, akazungumza nao mpaka alfajiri. Na kijana wakamleta akiwa hai, wakafarijika sana.

Mhubiri aliyeshuka chini! Sisi siku ile tulibaki juu mimbarani, na aliyeanguka alikuwa benchi la nyuma. Tulimwacha aende peke yake, mtoto mgongoni.

Hata wanafunzi wa Bwana walilala Gethsemane, usiku ule ule waliotoka kula chakula cha Pasaka pamoja naye. Luka anaeleza kwamba walilala kwa huzuni. Bwana aliwauliza kama hawakuweza kukesha hata saa moja, na swali lile lilikuwa zito. Lakini alijua kwamba roho zao zilitaka, ila miili iliwashinda. Wala hakuchagua mitume wengine. Wale wale waliolala ndio aliowatuma ulimwenguni.

4. USINGIZI ULIO HATARI

Je, ina maana kwamba shibe haina hatari yoyote? Hapana, wapendwa. Iko hatari, lakini tulikuwa tukiitafuta mahali pasipo pake. Tuliitafuta machoni, kumbe iko moyoni.

Musa aliwaonya Israeli katika Kumbukumbu la Torati 8. Walikuwa watu wa jangwani, waliokula mana kwa kipimo cha siku moja. Hakuwakataza kushiba. Aliwaambia kwamba wakila na kushiba wamshukuru Bwana kwa nchi njema aliyowapa. Kisha akawaonya: wakati mtakapokuwa na nyumba nzuri, na ng'ombe na kondoo wameongezeka, angalieni mioyo yenu isije ikainuka mkamsahau aliyewatoa utumwani, mkasema ni nguvu za mikono yetu zilizotupatia haya. Huo ndio usingizi wa hatari. Mtu anatembea, anaongea, anaimba kwaya, lakini kumbukumbu yake imelala.

Nabii Ezekieli anasema neno kali zaidi. Anapotaja uovu wa Sodoma, anataja kiburi, kushiba chakula, na raha ya kukaa bila shida, huku maskini na mhitaji hawakushikwa mkono. Wengi tunapotaja Sodoma tunakimbilia mambo mengine. Ezekieli anatuonyesha meza iliyojaa, na mtu mlangoni ambaye hakuna aliyemwona.

Methali yetu yasema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi tungefikiri methali hiyo ni ya matajiri wa mjini. Lakini hapa makazini, kati ya nyumba mbili za udongo zinazopakana, methali hiyo imetimia. Huyu ana jina kwenye orodha, yule hana. Huyu ana mtoto aliyehamia nchi ya mbali anayemtumia pesa kwenye simu, yule hana mtu. Siku ya mgao moshi unatoka nyumba moja, na watoto wa nyumba ya pili wanakaa kimya wakinusa harufu ya maharage. Kama tumekula tukalala bila kuwakumbuka wale, hapo ndipo tumesinzia kweli.

Tumtazame Ruthu. Alikuwa mgeni kutoka Moabu, mjane, mwokota masazo katika mashamba ya wengine, kwa sababu sheria ya Mungu ilimwachia maskini na mgeni pembe za shamba. Boazi akampa chakula wakati wa kula. Andiko linasema alikula akashiba, akabakiza. Jioni akamtolea mkwewe Naomi kile alichobakiza. Mkimbizi mwenye njaa alishiba, na katikati ya shibe yake akamkumbuka mtu aliyebaki nyumbani. Na huyo Boazi mwenyewe, katika sura ya tatu, alikula, akanywa, moyo wake ukafurahi, akaenda kulala kando ya lundo la nafaka. Usingizi wake haukumhukumu, maana kabla ya kulala alikuwa amemwona mgeni shambani mwake.

5. MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

Neno la Mungu halidharau mwili, kwa hiyo tunawapa na mashauri machache.

Siku ya mgao tusipike chakula cha siku tatu kwa chungu kimoja. Afadhali kula kidogo mara mbili au tatu kuliko kujaza tumbo mara moja, na chakula kitafika mbali zaidi. Pale inapowezekana, bukari isiende peke yake: tuongeze maharage, sombe au mchicha wa nyuma ya nyumba. Vyakula hivyo hupunguza mwendo wa ile sukari katika damu. Tunywe maji safi. Baada ya kula, kutembea kidogo kunasaidia kuliko kukaa.

Mwenye nafasi ya kulala mchana alale kifupi, kama dakika 20, kisha ainuke. Akilala mpaka jioni, usiku atahesabu mabati. Mama aliyejifungua, mgonjwa na mzee, hao waachwe walale bila kuulizwa.

Walimu wa watoto, tunawasihi: mtoto akisinzia darasani mchana, msianze na fimbo. Ulizeni kwanza kama amekula, na kama amelala usiku.

Lakini uko usingizi unaohitaji kituo cha afya. Mtu akilemewa na usingizi kila siku, tena ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara na kukonda, apimwe sukari. Akiwa na weupe machoni, moyo unampiga na anahema akipanda kilima, apimwe damu. Na wale waliotoka sehemu zenye mbung'o wanajua ugonjwa wa malale, unaomfanya mtu alale mchana na kukesha usiku. Ugonjwa huo una dawa. Maombi tutafanya, na kituoni aende.

6. TOBA YETU

Wapendwa, tulimwaibisha dada yetu mbele ya watu, kwa hiyo hatukuona vema kutubu gizani. Sisi wazee tulikwenda nyumbani kwake, tukaketi chini, tukaomba msamaha. Alitupokea, akatupa maji ya kunywa. Alisema amesamehe. Ametupa ruhusa kuandika habari hii bila kutaja jina. Lakini bado hajarudi ibadani, nasi hatumlazimishi. Tunawaomba wanaomjua wasimwendee na maneno mengi. Mkutane naye kisimani, msalimiane kama siku zote.

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, katika kanisa hili hakuna mtu atakayeamshwa kwa maneno ya aibu. Akilala, aliye karibu naye amshike mtoto wake asianguke, amwache. Tena sisi wahubiri tutafupisha maneno yetu saa ile ya joto, maana hata Paulo aliona matokeo ya kuhubiri muda mrefu.

La pili ni kopo la kwanza. Siku ya mgao, uwe wa nafaka au wa pesa, au siku ya mavuno, kabla chungu hakijapanda mafigani, nyumba yenye uwezo itenge kopo moja kwa ajili ya nyumba isiyo kwenye orodha. Wamama wa ushirika watapokea na kupeleka jioni, bila kusoma majina kanisani. Nyumba ambayo yenyewe haina, isitoe, wala isione haya. Yule jirani aliyempa dada yetu chakula hakungoja tangazo la kanisa lolote. Mungu alimtumia kama malaika wa mkate na maji, wakati sisi tulikuwa tukitengeneza mahubiri.

Tuombe pamoja. Baba yetu wa mbinguni, unayejua kwamba tu mavumbi, tunakushukuru kwa kila tonge ulilotupa katika nchi hii ya ugeni, na kwa kila usingizi uliotupumzisha. Utusamehe tuliokuwa macho kwa mwili na tumelala kwa moyo. Tukishiba, utukumbushe. Tukichoka, utuguse kama ulivyomgusa Eliya, kwa kuwa safari ya kurudi nyumbani bado ni kubwa kwetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Ndimi zetu zikimaliza kuimba Jumapili hii, tuangalie benchi la nyuma.

Ni sisi ndugu zenu, wazee na mashemasi wa kanisa.